Dodo au kabichi: jinsi ya kuzipima kwa lishe ukiwa jikoni kwako

Dereva mmoja wa trela, ambaye hulala hapa Busia upande wa Uganda kila karatasi zake za forodha zikichelewa, alisukuma sahani akaniambia: "Mama, leo umenipa maji ya kutafuna." Alikuwa akiisema kabichi. Mwenzake aliyeketi naye akamjibu kwamba afadhali maji kuliko hiyo dodo, yaani mchicha, anayoililia kila siku, majani ya mbuzi yasiyokwisha mchanga. Walibishana mpaka posho, yaani ugali, ikapoa. Mimi nilirudi kwenye sigiri nimenuna, maana nawapikia watu karibu hamsini kwa siku na sikuwa na neno la kuwaamua.

Jioni ile nikatafuta majedwali ya vyakula kwenye simu. Jambo la kwanza nililokutana nalo lilinifanya nicheke peke yangu: kabichi mbichi ni maji kwa asilimia 92. Na dodo mbichi? Asilimia 92 vilevile. Kalori nazo zimekaribiana, 25 kwa kabichi na 23 kwa dodo katika gramu 100, kwa hiyo hakuna mboga hapo ya kumshibisha mtu. Hiyo ni kazi ya posho. Ugomvi wote wa dodo na kabichi uko kwenye zile gramu nane zinazobaki maji yakishatoka.

Hii hapa njia ninayotumia kuzilinganisha. Ukishaizoea utaitumia kwa mboga yoyote ile, nakati na sukuma wiki, bamia na biringanya.

Hatua ya 1: Hakikisheni mnasema mmea mmoja

Msomaji wa Tanga asije akadhani nasema embe dodo. Dodo ya Uganda ndiyo mchicha wa pwani na ndiyo terere ya sokoni Nairobi. Ukiitafuta kwenye majedwali ya Kiingereza andika amaranth leaves. Usiandike spinach, maana huo ni mmea mwingine, na wengi hukosea hapo tangu mwanzo. Bbugga, ile yenye majani mekundu, ni ndugu wa karibu wa dodo. Nakati si ndugu kabisa, ingawa hufungwa kwa kamba moja na kupangwa meza moja: ukoo wake ni wa nyanya chungu.

Kabichi haina matatizo ya jina, ila ina siri moja. Yeye na sukuma wiki ni mmea wa aina moja kwa wataalamu wa mimea. Sukuma huyaacha majani yake wazi juani, kabichi huyakunja yakawa mpira. Jani lililofichwa jua halitengenezi rangi ya kijani wala karotini (ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A) ya kutosha, ndiyo maana ukipasua kabichi ndani unakuta nyeupe. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Hatua ya 2: Pima kwa mizani, achana na fungu na kikombe

Nina mizani ndogo ya jikoni, ile bapa ya betri. Siku niliyoamua kumaliza ubishi huu nilinunua fungu moja la dodo na kabichi moja ya wastani. Fungu zima, pamoja na mizizi na udongo wake, lilikuwa gramu 610. Nikakaa kwenye kigoda nikaichambua kama kawaida: mizizi nje, mashina magumu nje, majani ya njano nje, na jani moja ambalo kiwavi alishalifanya chujio. Yaliyobaki ya kuingia sufuriani: gramu 350. Kabichi ilikuwa kilo moja na gramu 700. Nilitoa jani moja la nje lililochanika na ule mti mgumu wa katikati, ikabaki kilo moja na nusu.

Unaona tofauti? Kwenye dodo nimetupa zaidi ya thuluthi ya nilichonunua. Kwenye kabichi sikutupa hata sehemu moja ya nane. Majedwali yote ya lishe huhesabu sehemu inayoliwa tu. Kwa hiyo ukichukua uzito wa fungu zima sokoni ukauzidisha na tarakimu za jedwali, umeipa dodo sifa za mizizi uliyowapa kuku.

Kikombe nacho hudanganya, tena vibaya zaidi. Kikombe cha majani mabichi ya dodo yasiyoshindiliwa kina gramu 28 hivi. Kikombe hichohicho cha kabichi iliyokatwa nyembamba kina kama gramu 70. Zipike sasa. Dodo hulala, na kikombe cha dodo iliyoiva kinafika gramu 132, cha kabichi iliyoiva 150. Mtu anayelinganisha kwa kikombe zikiwa mbichi anaionea dodo. Zikiwa zimeiva, zinakaribia kulingana. Ukikosa mizani, basi angalau linganisha zikiwa zimeiva.

Hatua ya 3: Chagua jedwali moja ukae nalo

Yapo mengi. Lipo la vyakula vya Uganda ya Kati na Mashariki lililotolewa na mpango wa HarvestPlus mwaka 2012, lipo la Tanzania la 2008, la Kenya la 2018, na lile kubwa la Wizara ya Kilimo ya Marekani ambalo liko wazi kwenye intaneti. Tarakimu zao hazifanani kabisa, kwa sababu udongo, mbegu na umri wa jani hubadilisha mambo. Hilo lisikutishe. Kosa ni kuchukua dodo kwenye jedwali la huku na kabichi kwenye jedwali la kule. Mimi hapa nimetumia la Marekani kwa zote mbili.

Kwa gramu 100 mbichi, dodo kwanza halafu kabichi:

Protini: gramu 2.5, na 1.3
Vitamini A: mikrogramu 146, na 5
Vitamini C: miligramu 43, na 37
Foleti (aina ya vitamini B): mikrogramu 85, na 43
Madini ya chuma: miligramu 2.3, na 0.5
Kalsiamu: miligramu 215, na 40
Potasiamu: miligramu 611, na 170
Vitamini K: mikrogramu 1,140, na 76

Ukiangalia haraka utasema dodo imeshinda, twende nyumbani. Subiri kwanza. Kuna mitego kwenye kusoma jedwali lenyewe.

Mtego mkubwa ni vitamini A. Jani lilelile la dodo utakuta limeandikiwa 2,917 kwenye karatasi moja, 292 kwenye nyingine, na 146 kwenye ya tatu. Hakuna aliyesema uongo. Ya kwanza ni kipimo cha kizamani cha vizio vya kimataifa. Ya pili inahesabu kwamba mwili hupata sehemu moja ya vitamini A kwa kila sehemu sita za karotini. Ya tatu, ambayo ndiyo mpya, inasema ni moja kwa kumi na mbili, kwa kuwa ilionekana tumbo la mtu halina ufundi tuliolidhania. Nimewahi kuona bango ukutani, na sitasema ukuta wa nani, limelinganisha mboga moja kwa kipimo cha kwanza na nyingine kwa cha tatu. Kwa hesabu hiyo hata kabichi ingeweza kuitwa karoti. Kabla ya kulinganisha vitamini A, soma kipimo kilichoandikwa juu ya safu.

Mtego wa pili ni nafasi iliyoachwa wazi. Tafuta nyuzinyuzi: kabichi ina gramu 2.5, dodo hakuna kitu. Si kwamba dodo haina nyuzinyuzi, muulize aliyewahi kuitafuna ikiwa imekomaa. Ni kwamba haikupimwa, au waliopima hawakuiandika. Wazi si sifuri.

Hatua ya 4: Uliza nyumba yako inakosa nini

Hapa ndipo ubishi wa madereva wangu ulipokuwa umepotea njia. Huwezi kusema mboga gani ni bora bila kusema ni bora kwa nani.

Tuchukue mtoto wa miaka minne hadi minane, mpe nusu kikombe cha mboga iliyoiva kando ya posho na maharage. Nusu kikombe cha dodo ni gramu 66, cha kabichi ni gramu 75. Kwa vitamini A, mtoto huyu anahitaji mikrogramu 400 kwa siku kwa viwango vya Marekani. Dodo inampa kama 92, karibu robo. Kabichi inampa tatu. Tatu! Unga mweupe wa mahindi hauna kitu cha kuongeza hapo, kwa hiyo kama mtoto hapati mayai, maziwa, maboga au viazi vitamu vya rangi ya chungwa, kubadilisha kabichi kwa dodo ni jambo kubwa kwa macho yake na kinga yake.

Sasa njoo kwenye vitamini C. Anahitaji miligramu 25. Dodo inampa 27, kabichi 28. Wamelingana. Kabichi iliyodharauliwa imemtimizia mtoto hitaji la siku nzima, mradi aliyeipika hakuiharibu. Mimi tangu nione tarakimu hiyo sijamruhusu mtu aite kabichi maji mbele yangu.

Chuma kina hadithi yake, na ndicho kinachonigusa zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa Uganda wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 53 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu, na wanawake wa miaka 15 hadi 49 asilimia 32. Si yote ni chuma. Malaria na minyoo vimo. Ila chuma kimo pia. Mtoto wetu anahitaji miligramu 10, dodo inampa 1.5 kwenye nusu kikombe, kabichi sehemu ya kumi tu ya miligramu moja. Dodo mbele kwa mbali. Lakini usipige vigelegele mpaka umalize hatua inayofuata.

Kwa mama mjamzito ongeza foleti kwenye hesabu: anahitaji mikrogramu 600, na gramu 100 za dodo mbichi zina 85 dhidi ya 43 za kabichi. Inasaidia, haitoshi. Vidonge vya kliniki havibadilishwi na fungu la dodo, hata jirani yako akuambie nini.

Hatua ya 5: Toa kile ambacho mwili hautakipata

Tarakimu ya jedwali ni kilichomo kwenye jani. Kinachoingia kwenye damu ni kingine, na hapa ndipo dodo hupunguziwa alama.

Anza na kalsiamu: 215 kwa 40, zaidi ya mara tano. Dodo, kama spinachi, ina oksaleti nyingi. Hii ndiyo inayokuacha na ule ukakasi kwenye meno baada ya kula. Oksaleti huishika kalsiamu na kuigandisha ikawa chembe zisizoyeyuka, ikapita tumboni kama abiria aliyelala akapitiliza kituo. Spinachi ilipopimwa, mwili ulichukua kama asilimia 5 tu ya kalsiamu yake. Kabichi haina oksaleti nyingi, na mwili huchukua zaidi ya nusu ya kalsiamu yake. Piga hesabu: nusu ya 40 ni 20 na ushei. Dodo ikifuata mwendo wa spinachi, asilimia 5 ya 215 ni kama 11. Mshindi wa mara tano amepitwa na maji ya kutafuna.

Kama ni kalsiamu unayoitafuta, basi, usiitafute kwenye dodo. Itafute kwenye maziwa, au kwenye mukene, yaani dagaa, unaoliwa na mifupa yake. Sukuma wiki nayo haina oksaleti nyingi, na ina kalsiamu nyingi kuliko kabichi.

Chuma cha mimea nacho mwili hukichukua kwa ubahili. Ila hapa mpishi ana mamlaka. Vitamini C ikiwepo kwenye mlo uleule, chuma huingia vizuri zaidi: kamulia ndimu, weka nyanya mbichi ya kachumbari pembeni, au malizia na pera. Samaki na nyama hufanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo dodo iliyotiwa mukene kidogo ni dodo tofauti kabisa na ile kavu. Kinachofunga mlango ni chai. Wateja wangu wengi wanataka chai ya rangi papo hapo na chakula, na chai huzuia chuma. Siwezi kumnyima mtu chai aliyoilipia, ila nyumbani kwangu chai inakaa mbali na chakula, saa moja hivi kabla au baada.

Na karotini ya dodo, ile ya vitamini A, inahitaji mafuta ili iingie. Dodo iliyochemshwa ikaliwa na chumvi tupu imepoteza nusu ya maana yake. Watu wa Buganda walilijua hili bila jedwali: dodo kwa binyebwa, mchuzi wa karanga. Kijiko cha karanga za kusaga, au simsim kama wanavyopenda watu wa kaskazini, kinatosha. Robo ya parachichi pembeni ya sahani nayo inatosha, na huku parachichi halina bei.

Hatua ya 6: Linganisha sufuria na sufuria

Hii ndiyo hatua ambayo ningeomba usiiruke hata ukiruka nyingine zote. Nimeona dodo ikigeuzwa kuwa duni kuliko kabichi kwa dakika arobaini za moto na kijiko kimoja cha magadi.

Vitamini C na foleti huyeyuka kwenye maji na huchukia moto wa muda mrefu. Ukichemsha mboga kwenye maji mengi kisha ukayamwaga, umezimwaga nazo. Magadi yanayotiwa ili mboga iwe laini na ibaki kijani huiharibu vitamini C zaidi. Karotini na chuma ni vigumu zaidi. Hubaki hata mboga ikipikwa sana.

Dodo ina mtego wake hapa. Kuichemsha na kumwaga maji hupunguza oksaleti, jambo zuri, lakini huondoa vitamini C na foleti, jambo baya. Nifanye lipi? Kwa mtu mwenye figo nzima, uamuzi wangu ni kutomwaga: kalsiamu naipata kwingine, vitamini naitaka. Naiosha mara tatu kwenye beseni ikiwa nzima (mchanga huzama chini, kwa hiyo nyanyua mboga kutoka majini, usimimine maji na mboga pamoja), ndipo naikata, maana ukikata kwanza ukaosha baadaye vitamini zinaondoka na povu. Kitunguu na nyanya kwenye mafuta, dodo juu yake bila kuongeza maji, mfuniko, dakika saba au nane. Maji yaliyobaki kwenye majani baada ya kuosha yanatosha. Au ile njia ya zamani: funga dodo kwenye jani la ndizi, iweke juu ya matoke inayoiva, iive kwa mvuke. Hakuna tone linalomwagika.

Kabichi ni rahisi zaidi na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Shule nyingi za bweni huichemsha mpaka inakuwa na rangi ya karatasi ya zamani na harufu inayokufuata mpaka bwenini. Harufu hiyo ni salfa, na hutoka kadiri inavyochemka. Ikate nyembamba, ikaange dakika tano, itoke bado inalia mdomoni. Kijana wa rolex pale stendi, anayeirusha kabichi kwenye mayai na kuikunja ndani ya chapati kabla haijajua kinachoendelea, anaitendea haki kuliko wapishi wengi wenye majiko ya gesi. Chumvi na mafuta anayotia ni mada nyingine.

Halafu yale majani ya nje ya kabichi, ya kijani. Muuzaji huyabandua ili kabichi ing'ae, akayarundika chini kwa ajili ya mbuzi. Ndiyo yaliyoona jua, na ndiyo yenye karotini nyingi kuliko moyo mweupe. Mimi humwambia asiyatoe. Ananitazama kama mtu niliyepatwa na shida, lakini hunipa.

Hatua ya 7: Weka bei na siku

Siku ile ya mizani, fungu la dodo lilikuwa shilingi 1,000 na kabichi shilingi 2,000. Gawa kwa kile kilichobaki baada ya kuchambua: gramu 100 za dodo zilinigharimu shilingi 286, za kabichi shilingi 133. Kwa bei hizo, shilingi 100 ilinunua miligramu 27 za vitamini C kwenye kabichi, na 15 tu kwenye dodo. Kwa chuma mambo yaligeuka: miligramu 0.8 kwenye dodo, 0.35 kwenye kabichi. Kwa vitamini A hakuna haja ya kupiga hesabu, kabichi haipo mashindanoni.

Bei zako zitakuwa nyingine. Mvua ikianza kunyesha vizuri dodo huota hata pasipopandwa na bei huanguka. Kabichi inayoshuka kutoka milima ya Elgon au kutoka Kabale hufuata bei ya mafuta ya lori. Rudia hesabu kila msimu, ni dakika tano.

Na siku je? Dodo iliyochumwa alfajiri ikakaa juani mpaka saa kumi jioni imeshapoteza sehemu ya vitamini C yake, na ukiiweka kwenye kavera, mfuko wa plastiki, mpaka kesho imekuwa kitu kingine. Tarakimu za jedwali ni za jani bichi lisilonyauka. Kabichi hukaa wiki nzima kwenye kona yenye ubaridi ikiwa bado ni kabichi. Kwa hiyo ukienda sokoni mara moja kwa wiki, dodo iwe ya siku ya kwanza na ya pili, kabichi izibe zinazobaki. Ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 8: Angalia nani anakula, na mboga imetoka wapi

Mtu anayetumia dawa ya warfarini ya kuzuia damu kuganda asibadilishe mboga ovyo. Vitamini K ya dodo ni mara kumi na tano ya kabichi, na ndiyo inayopingana na dawa hiyo. Hakatazwi kula, anatakiwa ale kiasi kilekile wiki hadi wiki na daktari wake ajue. Mwenye ugonjwa wa figo aangalie potasiamu, 611 kwa 170, na aliyewahi kutoa mawe ya figo ya oksaleti aiogope dodo kuliko kabichi, au aichemshe na kumwaga maji. Watu hawa kwao kabichi ndiyo mboga bora, na jedwali lote la Hatua ya 3 linageuka kichwa chini.

La mwisho halimo kwenye jedwali lolote la lishe. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliopima madini ya risasi, kadimiamu na zinki kwenye udongo na mboga za kando ya barabara mjini Kampala, na ushauri wake ulikuwa mboga za majani zisipandwe ndani ya mita 30 kutoka barabara yenye magari mengi. Busia ni mji wa malori. Yanapanga foleni, yanaunguruma, vumbi lake linatua kwenye kila jani. Dodo huvuna vumbi hilo kwa majani yake yote, kabichi hulibeba kwenye majani ya nje tu, yale yale ninayoyapigania. Kuosha huondoa lililo juu ya jani. Lililopanda na mizizi halioshwi.

Kwa hiyo sasa kabla ya kuuliza bei nauliza shamba. Juzi asubuhi dodo ilikuwa nzuri ajabu, mabichi, mapana, umande bado juu yake. Nikamuuliza mama anayeuza ameitoa wapi. "Hapa hapa tu, dada," akasema, akanyoosha mkono kuelekea kwenye foleni ya trela. Madereva wangu siku hiyo walikula kabichi.